Kiatu Kipya na Mteremko wa Mlima

Aghalabu mtu anayejitayarisha kwa mbio za milimani huiogopa safari ya kupanda, na hofu hiyo si ya bure, kwani huko ndiko pumzi inakokatika na kilele kikazidi kuonekana mbali kila kinapokaribiwa. Lakini sisi ambao kazi yetu ni miguu na viatu huutazama zaidi mteremko, kwa kuwa madhara mengi tunayoletewa kuyatibu, kuanzia kucha zilizovilia damu hadi magoti yaliyovimba, hupatikana wakati wa kushuka, na aghalabu katika kiatu ambacho bado kinanuka gundi ya kiwandani.

Chukua Kilimanjaro. Njia ya Mweka, ambayo hutumika kwa kuteremkia tu, humtoa mtu Uhuru, mita 5,895 juu ya usawa wa bahari, ikamfikisha kwenye lango lililo yapata mita 1,640, na katika masafa hayo mguu hukutana kwanza na changarawe inayoporomoka, kisha mawe, kisha tope la msituni lililofunika mizizi. Mwaka 2006 Mtanzania Simon Mtuy aliupanda mlima huo akarudi chini kwa muda usiotimia saa 9 na nusu, naye amejichukulia mwenyewe maji na chakula chake. Na mwaka 2014 Karl Egloff, mwenye asili ya Uswisi na Ekuador, alikwenda na kurudi kwa saa 6 na dakika 42. Wasomaji hustaajabia mapafu ya watu hawa. Mimi hustaajabia mapaja yao.

Soli ya mpira yenye meno, tunayoiona leo kuwa jambo la kawaida, ina msiba nyuma yake. Mwaka 1935 wapandaji sita walikufa katika kilele cha Rasica, kwenye milima ya Alpi ya Italia, baada ya kukamatwa na tufani wakiwa na viatu visivyofaa kwa baridi na barafu. Na Vitale Bramani, aliyekuwa katika msafara ule akanusurika, akaazimia kutengeneza soli ambayo ingeshika mwamba na theluji pasipo misumari ya chuma iliyotumika zamani, na kwa msaada wa kampuni ya Pirelli akaitoa mwaka 1937. Jina la soli hiyo, Vibram, limetokana na jina lake. Ukikigeuza kiatu cha leo utaona kwamba mara nyingi meno ya mbele yameelekea upande mmoja, ya kusukumia mtu anapopanda, na ya kisiginoni yameelekea upande wa pili, ya kumzuia anaposhuka. Marefu, ya milimita 5 au 6, yaliyoachana ili tope lipate kudondoka, hufaa udongo mwekundu wa Usambara baada ya mvua, ilhali juu ya mwamba mkavu humyumbisha mvaaji, na mafupi yenye mpira laini humshika barabara zaidi.

Sasa, wazee wetu walikuwa na desturi ya kukilainisha kiatu kipya kwa kukivaa kidogo kidogo nyumbani, na desturi hiyo ilikuwa na hekima tele katika zama za ngozi, maana ngozi hutii umbo la mguu. Kiatu cha mbio cha siku hizi ni kitambaa cha nailoni na sponji, navyo havitii sana: kikibana dukani kitabana mlimani, tena zaidi, kwa sababu mguu hufura kwa safari ndefu. Kwa hiyo kinunuliwe jioni, kipimwe mtu akiwa amesimama na soksi zake za mbio, na mbele ya kidole kirefu kuliko vyote, ambacho si lazima kiwe kidole gumba, pabaki nafasi ya upana wa dole gumba la mkono. Pasipo nafasi hiyo, kila hatua ya mteremko huzipiga kucha kwenye ncha ya kiatu kama nyundo.

Wala nafasi peke yake haitoshi, kwani mguu usiofungwa vyema utateleza mbele hata ndani ya kiatu kikubwa. Juu kabisa, karibu na kifundo, pana tundu moja la kamba lililorudi nyuma kidogo, ambalo wengi huliacha tupu wakidhani ni pambo. Kamba iingizwe humo kwa upande ule ule ilikotoka, ili ifanye kitanzi. Kisha kila kamba ipitishwe katika kitanzi cha upande wa pili, zivutwe kuelekea chini, ndipo zifungwe. Kisigino hukaa mahali pake, na vidole vikastarehe.

Lengelenge nalo hudhaniwa kuwa ni la ngozi kusuguliwa juu juu, na sivyo: mfupa huenda huku, ngozi iliyonatana na soksi hubaki kule, tabaka za ndani zikavutana hata zikaachana, na maji yakajaa mwanyani. Jasho huzidisha kunatana huko, na soksi ya pamba hulishikilia jasho. Afadhali ya sufu, au ya nyuzi za kiwandani.

Kinachohitaji kuzoezwa, basi, ni mguu wenyewe. Katika kushuka misuli ya paja hujikaza huku inarefushwa, hali inayochana nyuzi zake kwa ndani, na maumivu hayaji siku ile bali kesho yake, yakashtadi siku ya pili. Lakini mteremko mmoja mfupi uliotangulia huikinga misuli kwa majuma kadhaa. Kano ya kisigino huhitaji subira zaidi. Aliyezoea kiatu ambacho kisigino chake kimeinuka milimita 10 au 12 kuliko sehemu ya mbele, akahamia ghafla cha milimita 4, ameitwika kano hiyo mzigo isioujua, na ahesabu majuma kabla ya kukipeleka Mweka.

Lipo suala la mitumba, kwani wengi wetu kiatu kipya hukipata Karume pale Ilala au Gikomba, kikiwa kimeoshwa kikameremeta. Sponji iliyokwisha kukanyagwa mbio nyingi huwa na mikunjo myembamba ubavuni na haifutuki tena ukiibonyeza. Na ukikiweka kiatu juu ya meza, ukakitazama kwa nyuma, huenda ukakiona kimeinamia upande aliouelemea mwenyewe wa kwanza. Cha namna hiyo mimi humshauri mtu akinunue cha kwendea sokoni, na fedha iliyobaki akanunulie soksi.