Kurithi Maradhi na Kurithi Hatari: Mfano wa Maltipo Sklerosisi

Neno kurithi, lenye asili ya Kiarabu, latumika kwanza kwa mali: baba akifa, shamba lake huwa la wanawe. Litumiwapo kwa maradhi huichukua maana hiyohiyo, na msikilizaji hudhani ya kuwa mtoto wa mgonjwa amekwisha kupata fungu lake, angoja siku tu. Mtoto wa nyoka, husema watu, ni nyoka. Maltipo sklerosisi ni maradhi yaonyeshayo upungufu wa fikira hiyo.

Katika maradhi haya kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupigana na vijidudu, hushambulia utando wenye mafuta uizungukao mishipa ya fahamu katika ubongo na uti wa mgongo. Mahali palipoharibika hubaki makovu magumu, na ndiyo asili ya jina, maana shina lake la Kiyunani lina maana ya ugumu. Mgonjwa huweza kupungukiwa na nuru ya jicho, kufa ganzi au kushindwa kwenda. Daktari Jean-Martin Charcot aliyaeleza barabara mjini Paris mwaka 1868.

Kwamba nasaba ina sehemu yake, hapana shaka. Uchunguzi wa Kanada uliotangazwa mwaka 1986 ulionyesha ya kuwa pacha wa yai moja akiugua, mwenziwe huugua mara moja hivi katika nne. Kwa pacha wa mayai mawili ni chini ya mara moja katika 20. Lakini pacha wa yai moja wana jeni zilezile. Lau jeni zingetosha peke yake, wangeugua wote wawili.

Tangu miaka ya 1970 imejulikana ya kuwa jeni za HLA, zilizomo katika kromosomu ya 6, zahusika. Kazi yake ni kuionyesha kinga vipande vya vijidudu ili ivitambue. Aina iitwayo HLA-DRB1*15:01 huzidisha hatari kiasi cha mara tatu. Hata hivyo walio wengi kati ya wenye nayo hawaugui kamwe. Mwaka 2019 wachunguzi waliolinganisha wagonjwa 47,429 na watu 68,374 wasiougua walitaja mahali zaidi ya 200 katika urithi wa binadamu, na kila pamoja huongeza hatari kidogo tu.

Liko na jambo la nje. Virusi vya Epstein-Barr viligunduliwa London mwaka 1964, katika uvimbe wa saratani uliopelekwa kutoka Uganda. Mwaka 2022 uchunguzi wa askari wa Marekani ulionyesha ya kuwa hatari ya maradhi haya huzidi mara 32 baada ya kuambukizwa virusi hivyo. Lakini karibu watu wazima wote duniani wanavyo, na wachache sana huugua. Basi jeni peke yake hazitoshi, wala virusi peke yake havitoshi.

Kwa hiyo mfasiri aandikaye ya kuwa maradhi haya “hurithiwa” humpotosha msomaji, na pale nasaba iulizwapo kabla ya posa, neno hilo laweza kumzuilia mtu ndoa. Lililo sahihi ni kusema ya kuwa mtu hurithi wepesi wa kupatwa. Kati ya watoto 100 wa wagonjwa, wapatwao ni wawili au watatu hivi, waliosalia hawaugui.