Je, Wajua? Raoul Peck, Mhaiti Aliyemsimulia Lumumba

Je, wajua kwamba filamu yenye uchungu kuliko zote kuhusu Patrice Lumumba, waziri mkuu wa kwanza wa Kongo, haikutengenezwa na Mkongo? Raoul Peck alizaliwa Port-au-Prince, Haiti, mwaka 1953. Alipokuwa na miaka minane, familia yake iliukimbia udikteta wa François Duvalier ikahamia Léopoldville, Kinshasa ya leo. Wakoloni wa Kibelgiji walikuwa wameshafungasha virago, na Kongo changa ilikuwa ikitafuta wataalamu weusi wanaojua Kifaransa. Baba yake, bwana kilimo, alikuwa miongoni mwa Wahaiti walioitikia mwito huo.

Je, wajua kwamba mama yake alikuwa katibu katika ofisi ya meya wa Léopoldville? Katika *Lumumba: La mort du prophète*, filamu ya hali halisi aliyoitoa mwanzoni mwa miaka ya 1990, masimulizi ya mama yanapishana na picha za mikutano ya wakubwa. Mauaji ya Lumumba na wenzake Mpolo na Okito, Katanga, tarehe 17 Januari 1961, tunayasikia kama habari ya nyumbani, inayosimuliwa na mtu aliyeishi karibu nayo. Hapo ndipo ulipo uzito wa Peck. Hajitii ndani ya historia ili aonekane. Historia ndiyo iliyoingia sebuleni kwao.

Je, wajua kwamba filamu hiyo haikupigwa Kongo? Peck alikusudia kwenda, lakini majasusi wa Mobutu, mtawala wa nchi hiyo wakati huo, walikuwa wakimfuatilia. Akaelekeza kamera Brussels, kwenye mitaa na uwanja wa ndege wa mji ambao maamuzi mengi kuhusu Kongo yalipitishwa. Na kuna jambo moja analolitaja ndani ya filamu ambalo bado linanikera: picha za kumbukumbu za Lumumba ziliuzwa kwa dola 3,000 kwa dakika. Picha za kiongozi wa Afrika, zikiwa ghalani Ulaya, Mwafrika azinunue kwa dakika!

Je, wajua kwamba kabla ya hayo yote aliwahi kuendesha teksi New York? Alisomea uhandisi na uchumi Berlin, kisha filamu mjini humo humo.

Je, wajua kwamba amewahi kuwa waziri? Aliongoza Wizara ya Utamaduni ya Haiti kuanzia 1996 hadi 1997, akajiuzulu, akaandika kitabu kuhusu yaliyomkuta serikalini.

Alirudi kwa Lumumba mwaka 2000, safari hii kwa filamu ya kuigiza. Kongo ilikuwa vitani, hivyo ikapigwa Zimbabwe na Msumbiji. Miaka mitano baadaye ikaja *Sometimes in April*, iliyopigwa Rwanda kwenyewe: ndugu wawili wa tumbo moja, mmoja mwanajeshi, mwingine mtangazaji wa redio iliyochochea mauaji ya kimbari ya 1994. Mwanajeshi huyo ni Idris Elba.

Je, wajua kwamba simulizi yote ya *I Am Not Your Negro*, ya mwaka 2016, ni maneno ya mwandishi Mmarekani mweusi James Baldwin? Baldwin alitaka kuandika kitabu kuhusu rafiki zake watatu waliopigania haki za weusi Marekani: Medgar Evers, Malcolm X na Martin Luther King. Wote waliuawa, na hakuna aliyefikisha miaka 40. Alipofariki 1987 aliacha kurasa 30 hivi tu. Dada yake Baldwin, Gloria, alimkabidhi Peck kurasa hizo, na kazi ikachukua takriban miaka kumi. Sauti ni ya Samuel L. Jackson, aliyeshusha sauti mpaka humtambui. Filamu iliteuliwa kuwania Oscar, ikashinda BAFTA na César. Kwangu mimi, ushindi mkubwa ni kwamba Peck alikaa kimya kabisa, akamwachia Baldwin uwanja.

Mwaka 2021 akafanya kinyume chake. *Exterminate All the Brutes*, yenye sehemu nne kuhusu ukoloni na mauaji ya halaiki, anaisimulia kwa sauti yake mwenyewe, na picha za familia yake zimo.

Je, wajua kuhusu Ernest Cole? Mpigapicha huyu wa Afrika Kusini alitoa kitabu cha picha *House of Bondage* mwaka 1967, kikapigwa marufuku kwao. Alifia uhamishoni New York mwaka 1990, siku chache tu baada ya Mandela kutoka gerezani. Mwaka 2017 negativu zake zaidi ya 60,000 zilikutwa benki mjini Stockholm. Peck, naye mtoto wa uhamishoni, aliisimulia habari hiyo katika filamu mwaka 2024 na kutuzwa Cannes.

Kama hujaona kazi yake hata moja, anza na ile ya Lumumba iliyopigwa Brussels. Na kama nyumbani yupo mzee anayekumbuka mwaka 1961, mkalishe karibu, mtazame pamoja, kisha umuulize alikuwa wapi habari zilipofika.