Taa ya mimea ndani ya tangi la samaki: Soma namba kabla ya kununua

Na Mwandishi Wetu

TANGI la kioo lenye samaki wa mapambo na mimea hai hupendezesha sebule. Hata hivyo, wengi wanaoanza kulitunza hukata tamaa baada ya miezi michache. Mimea hugeuka rangi ya njano na kuoza, au kioo chote hufunikwa na mwani, yaani ule utando wa kijani unaoteleza. Mara nyingi chanzo cha matatizo hayo mawili ni kimoja: taa iliyochaguliwa bila kuzingatia mahitaji ya mimea.

Taa iliyozoeleka kwa miaka mingi juu ya matangi hayo ni ile ndefu ya fluoresenti, maarufu kama tyubulaiti. Ilipendwa kwa kuwa hutumia umeme kidogo kuliko balbu ya kawaida ya waya, haitoi joto jingi, na mwanga wake husambaa sawasawa kwa urefu wote wa tangi.

Namba zina maana gani?

Alama ya T inaonyesha unene wa taa. T8 ina kipenyo cha milimita 26 na T5 ina milimita 16. Pini zake pia hutofautiana, hivyo T5 haiwezi kuingia katika fremu ya T8. Kwa kuwa T5 ni nyembamba, kiakisi kilicho juu yake huurudisha majini mwanga mwingi zaidi, jambo linalofaa kwa tangi lenye kina kirefu.

Namba ya pili ina tarakimu tatu, kwa mfano 865. Tarakimu ya kwanza inaonyesha jinsi taa inavyodhihirisha rangi halisi za vitu, na mbili zinazofuata ni rangi ya mwanga wenyewe: 65 ni Kelvini 6500, mweupe kama wa mchana. Namba 830 ni mwanga wa manjano wa sebuleni. Mimea hutumia zaidi mwanga wa buluu na mwekundu katika kujitengenezea chakula, na taa ya 865 hutoa yote miwili huku samaki wakionekana vizuri. Taa za buluu tupu zilikusudiwa matumbawe ya maji chumvi. Kwa mimea ya maji baridi hazina faida kubwa.

Wati ngapi zinatosha?

Wafugaji wamekuwa wakitumia kanuni ya makadirio ya nusu wati kwa kila lita ya maji. Tangi la sentimita 60 kwa 30 kwa 30 hubeba lita 54. Taa moja ya T8 ya wati 18 hulipa theluthi moja ya wati kwa lita. Kiasi hicho kinaitosha Anubias, mmea wa vijito vya misitu ya Afrika Magharibi na ya Kati, ambao umezoea kivuli. Taa mbili zitaifaa mimea inayohitaji mwanga zaidi, ikiwamo Ceratophyllum, ambayo pia humea katika Ziwa Victoria.

Taa mbili za aina hiyo zikiwashwa saa 8 kila siku hutumia karibu uniti 9 za umeme kwa mwezi, bila kuhesabu unaotumiwa na choki.

Mwanga mwingi si tiba

Kosa kubwa ni kudhani kwamba mmea unaodhoofika unahitaji taa nyingine. Mwanga ukiongezeka, mahitaji ya mmea ya hewa ya ukaa na mbolea huongezeka pia. Vikikosekana, mmea hudumaa, na mwani, ambao huridhika na kidogo, huchukua nafasi yake. Ni vyema kuanza na saa 8 za mwanga kwa siku na kutozidi 10. Swichi inayojizima kwa saa husaidia kutosahau. Tangi lisiwekwe mahali linapopigwa na jua la dirishani.

Taa hizi hufifia polepole bila jicho kutambua. Penye taa mbili, ibadilishwe moja kwanza na nyingine baada ya wiki chache, ili mimea isipate mabadiliko ya ghafla. Umeme uzimwe kabla ya kutia mkono majini.

Mwisho wa fluoresenti

Taa hizi zina zebaki, ambayo ni sumu, hivyo iliyovunjika isiguswe kwa mikono mitupu, na vipande vyake visiangukie majini. Kwa sababu hiyo Umoja wa Ulaya ulizuia taa mpya za T5 na T8 kuingizwa sokoni kuanzia Agosti 2023. Mwaka huo huo nchi wanachama wa Mkataba wa Minamata, zilizokutana Geneva, ziliafikiana kukomesha utengenezaji na biashara ya kimataifa ya taa ndefu za fluoresenti ifikapo 2027.

Mwenye fremu nzima hana haja ya kuitupa leo, ila anayenunua upya afikirie taa za LED. Kanuni ya wati kwa lita haifai kwa LED, kwani hutoa mwanga mwingi kwa umeme kidogo. Badala yake zilinganishwe lumeni. Jambo lisilobadilika ni kuchagua mimea kwanza, kisha kuitafutia mwanga unaoifaa.