Muuguzi Naye Apokewe Zamu

Askari wa jeshi na wa polisi mlioko vituoni,

Mwishoni mwa Machi 2015 kilima kiliporomoka Gitaza, katika komuni ya Muhuta, mawe na matope yakaifunga barabara kuu namba 3 iendayo Rumonge. Barabara hiyo imebanwa kati ya mlima na Ziwa Tanganyika. Ikikatika, dawa hazipiti, mgonjwa hapiti, na muuguzi aendaye kumpokea mwenziwe zamu hapiti. Hilo la tatu halitajwi sana, nalo ndilo tutakalolieleza leo.

Muuguzi asiyepokewa hukesha wodini siku ya pili na ya tatu, huku pengine hajui hali ya watoto wake. Aprili 2024, maji ya ziwa yalipovamia makazi ya mwambao na Serikali ikaomba msaada wa mataifa, mtumishi wa afya aishiye kando ya ziwa hakusalimika kwa kuwa amevaa koti jeupe.

Shirika la Afya Duniani, mwaka 2019, liliuainisha uchovu huu kwa dalili tatu: nguvu kumwishia mtu, moyo wake kujitenga na kazi hata akaichukia, na ufanisi wake kupungua. Halikuuita ugonjwa, lilisema unatokana na mkazo wa kazini ambao haukushughulikiwa ipasavyo. Kumhimiza muuguzi ajikaze, basi, ni kumwachia yeye peke yake jambo lililo la wakuu wa kazi.

Askari hawana haja ya kufundishwa hili kwa mifano ya mbali. Baada ya Vita Kuu ya Pili, mwaka 1946, madaktari Appel na Beebe wa Marekani walieleza kwamba askari wa miguu, hata aliye hodari, huishiwa nguvu za moyo baada ya siku 200 hadi 240 za mapigano. Waingereza walikadiria siku zipatazo 400 kwa askari wao. Tofauti hiyo haikuelezwa kwa ushujaa. Waingereza waliwaondoa watu wao mstari wa mbele kwa mapumziko kila baada ya siku 12 au pungufu.

Wodi nayo yataka utaratibu huo. Watumishi wapangwe wawili wawili, kila mmoja amwangalie mwenzake: amekula, amelala, mbona leo anawafokea wagonjwa? Mkuu wa zamu naye apumzike mbele ya macho ya watu, kwani asipopumzika yeye hakuna atakayethubutu. Baada ya kifo kizito wakae pamoja kidogo, lakini asilazimishwe mtu kusimulia aliyoyaona. Wengi hudhani kumkamua mtu maneno ni kumponya. Shirika la Afya Duniani halishauri hivyo.

Na ninyi mna sehemu yenu. Jamaa wenye uchungu wanapojazana mlangoni mwa hospitali, polisi mpole getini humpunguzia muuguzi nusu ya mzigo. Barabara inapozibuliwa, lori la kwanza kupita Gitaza kwa kawaida hupakiwa mahema, unga na mablanketi. Ziachwe humo nafasi nne au tano za wauguzi wa kupokea zamu, na lori lilelile liwarudishe waliokesha.