Minyoo ya Busia na Hesabu ya Marejeo

Kidonge cha albendazole hakina usumbufu. Mtoto hukitafuna palepale darasani, mwalimu akimtazama, na kazi imekwisha. Mwaka 1998 dawa hizo zilianza kugawiwa katika shule za msingi za Budalangi na Funyula, kusini mwa Busia nchini Kenya, na humo ikazaliwa mojawapo ya makala zinazotajwa sana katika uchumi wa maendeleo.

Watafiti walikuwa Edward Miguel na Michael Kremer. Kremer hakuwa mgeni magharibi mwa Kenya, kwani katika miaka ya 1980 alikuwa amefundisha sekondari upande wa Kakamega. Walichukua shule 75 zenye wanafunzi wapatao 30,000, wakazigawa makundi matatu: la kwanza lilianza dawa 1998, la pili 1999, la tatu 2001. Kabla ya dawa, watoto 92 katika kila 100 waliopimwa walikuwa na minyoo au kichocho.

Uhodari wao ulikuwa kugawa shule nzima badala ya mtoto mmoja mmoja. Mayai ya minyoo hutoka na choo, yakabaki udongoni, kisha maambukizi yakampata mwingine kwa mikono isiyonawiwa au miguu mitupu. Ukimtibu mtoto wa dawati la mbele, yule wa nyuma ambaye hajaonja dawa hupata nafuu pia, kwa kuwa uwanja wanaochezea umepungua mayai. Ukiwalinganisha hao wawili, utaona tofauti ndogo na kudhani dawa haifai kitu. Wao walilinganisha shule na shule, wakakuta kukosa masomo kumepungua kwa robo.

Makala yao ilitoka mwaka 2004 katika jarida la Econometrica, na tangu hapo imerejelewa mara maelfu. Je, marejeo hayo yanampa mchumi sifa gani? Mwaka 2005 Jorge Hirsch, mwanafizikia wa California, alipendekeza kipimo kiitwacho h. Mwenye h ya 20 ana makala 20 ambazo kila moja imerejelewa angalau mara 20. Hesabu ni nyepesi, mtu yeyote aweza kuifanya kwa kalamu, na vyuo vikuu viliipokea kwa mikono miwili. Lakini itazame kwa karibu: ndani ya h hiyo, makala ya Busia yenye marejeo maelfu ni moja tu, sawa kabisa na ile iliyofikisha 20 kwa kujikongoja. Ronald Coase alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1991 hasa kwa makala mbili, ya 1937 na ya 1960. Kwa makala hizo mbili pekee, h yake isingevuka 2.

Isitoshe, rejeo halisemi kama mwandishi anasifu au anapinga. Mwaka 2015 watafiti wa London walizipitia upya data za Busia wakakuta makosa ya hesabu, hasa katika faida iliyodaiwa kufika shule zilizo kilomita 3 hadi 6 kutoka zile zilizotibiwa. Mabishano yakawa makali, na kila aliyekosoa aliiongezea makala ileile rejeo jingine. Mimi naona huo ni ushahidi wa afya yake, kwa maana kazi isiyo na uzito hakuna anayejisumbua kuikokotoa upya.

Kinachonigusa zaidi ni kwamba sifa ya mchumi husambaa kama tiba ya minyoo. Humfikia ambaye hayumo katika orodha. Kenya ilipoanza kuwapa wanafunzi wake dawa kitaifa mwaka 2009, mwalimu aliyeshika kopo la vidonge hakuandika rejeo popote. Hakuna kipimo cha h kinachomhesabu.

Watafiti hawakuwaacha watoto wale wa Busia. Walipokuwa watu wazima, wengine wamehamia Nairobi, Mombasa na hata Uganda, walifuatwa hukohuko. Matokeo ya 2021, yaliyochapishwa miaka 20 na ushei baada ya vidonge vya kwanza, yalionyesha kwamba waliopata dawa kwa miaka miwili au mitatu zaidi ya wenzao walikuwa wakilipwa asilimia 13 zaidi kwa kila saa ya kazi.