Chumvi, Umande na Lenzi za Darubini katika Pwani ya Kilwa

Vitabu vingi vya elimu ya falaki vilivyoandikwa katika nchi za hewa kavu humshauri mwenye darubini aliache vumbi lilipo, kwa hoja kwamba kila mfuto huchubua kioo kidogo, na kwamba vumbi lililofunika asilimia moja ya lenzi ya mbele huzuia takriban asilimia moja tu ya nuru. Hoja hiyo ni sahihi, lakini haimtoshi mtazamaji wa Kilwa Kivinje, mji uliokaa ukingoni kabisa mwa bahari, ambako kinachotua juu ya kioo si vumbi peke yake bali pia chumvi, na chumvi haitulii pale ilipotua.

Majira yanayofaa zaidi kutazama nyota katika pwani hii ndiyo pia majira ya chumvi. Kuanzia Juni hadi Agosti, masika yakiwa yamekwisha, anga hutakata, na kwa kuwa Kilwa iko karibu nyuzi 9 kusini mwa ikweta, kitovu cha Njia Nyeupe, yaani ule mkanda hafifu wa nuru ya nyota zisizohesabika, hupanda juu sana wakati wa usiku. Lakini huo ni msimu wa kusi, upepo utokao kusini-mashariki, ambao huokota vitone vidogo mno kutoka kwenye mawimbi na kuvileta nchi kavu, ambako hukauka na kuacha fuwele za chumvi. Unyevu wa hewa unapofikia takriban asilimia 75, kiwango ambacho usiku wa pwani hukifikia bila taabu, fuwele hizo hunyonya mvuke hadi zikayeyuka zenyewe. Kisha huja umande, kwa sababu kioo kilichoelekezwa kwenye anga tupu hupoteza joto haraka kikawa baridi kuliko hewa inayokizunguka. Na asubuhi, maji yakishakauka, hubaki madoa ya mviringo ambayo ndani yake vumbi na mchanga vimegandishwa kwa chumvi.

Chumvi yenyewe ni laini kuliko kioo, kwa hiyo siyo inayokwaruza. Kinachokwaruza ni chembe za mchanga ilizozishika, kwa kuwa mchanga wa kwatzi una ugumu wa daraja la 7 katika kipimo cha Mohs, ilhali kioo cha kawaida hukaa kati ya 5 na 6. Juu ya kioo hicho kuna utando ulio mwembamba sana, mara nyingi wa floridi ya magnesi, unene wake ukiwa kama sehemu moja ya elfu kumi ya milimita, unaopunguza nuru inayoakisiwa na kupotea. Utando wa namna hiyo ulibuniwa na Alexander Smakula katika kampuni ya Zeiss mwaka 1935, na bila huo kila uso wa lenzi hurudisha nyuma kiasi cha asilimia 4 ya nuru. Katika darubini za kioo-akisi hali ni mbaya zaidi, kwa sababu uso wake ni utando wa alumini wenye unene unaokaribia huohuo, na maji ya chumvi yakipenya kwenye vitundu vya kinga yake huila alumini hiyo taratibu.

Kwa sababu hizo kanuni ya pwani ni kwamba maji hutangulia kitambaa. Kufuta lenzi kavu kwa pindo la kanga au kwa shati, jambo linalofanywa kila siku kwa nia njema, ni kuusugua mchanga juu ya utando. Kwanza vumbi huondolewa kwa kipulizio cha mpira, kwa mfano kile cha kuvutia kamasi za watoto wachanga kinachouzwa katika maduka ya dawa, kikiwa kipya. Kupuliza kwa mdomo hakufai, kwani mate hayakosekani. Baadaye pamba safi iliyoloweshwa kwa maji yaliyotoneshwa, yale yanayouzwa kwa ajili ya kuongezea betri za magari, huviringishwa polepole juu ya kioo bila kukandamizwa, na kila kipande cha pamba hutumika mara moja na kutupwa. Mnunuzi asome chupa kwa makini, kwani tindikali ya betri huweza kuwa kwenye rafu hiyohiyo. Maji ya bomba au ya kisima huacha madoa yake mwenyewe, na katika mji wa ufukweni kisima huweza kuwa na chumvi ileile inayokimbiwa.

Mafuta hayaondoki kwa maji. Lenzi ya jicho, yaani kijibomba chenye lenzi kadhaa kinachopachikwa upande wa mtazamaji, hupata mafuta ya kope, ya vidole yenye nazi, na ya wanja, ambao kwa masizi yake ni uchafu sugu kuliko mwingine. Hapo ndipo spiriti ya isopropili isiyo na rangi huhitajika, ikidondoshwa kwenye pamba na si kwenye kioo, ili isipenye pembeni ikafikia gundi inayounganisha lenzi za ndani. Spiriti iliyotiwa rangi huacha utando, na dawa ya vioo vya madirisha yenye amonia haifai kabisa. Inafaa kukumbuka kwamba vumbi la lenzi ya mbele halionekani kamwe kwenye taswira, ilhali lile lililo kwenye lenzi ya jicho karibu na fokasi, yaani mahali nuru inapokusanyika, huonekana dhahiri kama vidoa vyeusi juu ya uso wa mwezi. Hivyo anayelalamikia vidoa aanze na lenzi ya jicho.

Kazi hiyohiyo hufanywa kwa hadubini, ambazo katika mji huu huenda zinategemewa zaidi kuliko darubini, kwani ndizo zinazotumika katika maabara za hospitali, kama ile ya Kinyonga, kutafuta vimelea vya malaria. Lenzi ya hadubini ya mara 100 hufanya kazi ikiwa imezama katika tone la mafuta maalumu, na mafuta hayo yakiachwa yakauke hugeuka kuwa gundi. Kwa hiyo hufutwa kila mwisho wa kazi kwa karatasi laini ya lenzi.

Adui wa masika ni kuvu, ambayo hustawi unyevu unapozidi takriban asilimia 70, ikitandaza nyuzi zinazofanana na utando wa buibui na kutoa asidi inayokula kioo. Mkoba wa ngozi unaouzwa pamoja na darubini ni mahali pabaya pa kuihifadhi, kwa sababu ngozi hushika unyevu na kuilisha kuvu. Chombo cha plastiki chenye mfuniko unaobana, pamoja na vifuko vya silika jeli, ambayo ni chembechembe zinazonyonya mvuke, hufaa zaidi na gharama yake ni ndogo; mchele unaopendekezwa na wengi hunyonya kidogo na kuacha unga. Silika iliyoshiba hurudishiwa nguvu kwa kukaangwa kwa joto la nyuzi 120 hivi kwa saa kadhaa. Chombo kifungwe darubini ikiwa imekauka kabisa, ama sivyo umande wa usiku uliopita hufungiwa ndani pamoja nayo.

Kuvu ikiwa juu ya uso wa nje, spiriti huiondoa. Ikiwa kati ya lenzi, fundi wa vifaa vya macho ndiye anayestahili kuifungua darubini, kwa sababu lenzi moja ikirudishwa kinyume taswira yote huharibika. Alama ambazo asidi imekwisha kuzichonga hazifutiki, ingawa zikiwa chache na pembezoni darubini huendelea kuonyesha miezi ya Mshtarii bila tofauti inayoonekana kwa jicho.