Kiti cha Muhambwe na Vijana wa Buha

Msafiri atokaye Kigoma Mjini, akaliacha Ziwa Tanganyika mgongoni na kuushika mlima, huingia kidogo kidogo katika nchi ya tabia nyingine: hewa hupoa, michikichi hupungua, migomba na mihogo huzidi, na udongo mwekundu wa njia humfuata mpaka Kasulu, na kutoka Kasulu mpaka Kibondo, ambako asali ya misitu huuzwa kando ya barabara. Hii ndiyo Buha, nchi ya Waha, watu wa salamu ndefu zenye kupigiwa makofi kwa taadhima, na majina ya majimbo yake ya uchaguzi hayakubuniwa na karani wa ofisini. Muhambwe na Buyungu zilikuwa milki zilizotawaliwa na Bami, yaani wafalme wao, kabla bendera ya mgeni yeyote haijapandishwa katika vilima hivi, na huko Heru, upande wa Kasulu, mwanamke, Mwami Theresa Ntare, alitawazwa katika mwaka 1946 akawaamua wanaume waliomzidi umri. Kwa hiyo mtu aitwapo mbunge wa Muhambwe hubeba jina kongwe kuliko Bunge lenyewe, na aghalabu wazee humpima kwa kipimo cha jina hilo.

Tarehe 31 Oktoba 2010 jina hilo lilimwangukia kijana. Felix Francis Mkosamali, akiwa bado katika miaka ya ishirini ya umri wake, alichaguliwa kwa tiketi ya NCCR-Mageuzi na kuwa miongoni mwa vijana wadogo kabisa waliopata kuapa katika ukumbi wa Dodoma kwa kura za jimbo, si kwa uteuzi wala kwa viti maalumu. Wala hakuwa peke yake. Kasulu Mjini ilimtoa Moses Machali, Kasulu Vijijini ikamtoa Agripina Buyogera, mwanamke aliyeshindana na wanaume katika jimbo la mashamba na akawashinda, na Kigoma Kusini ikamtoa David Kafulila, aliyezaliwa mwaka 1982. Majimbo hayo manne ndiyo yaliyokuwa mavuno yote ya chama hicho katika Tanzania nzima mwaka ule. Nje ya mkoa wa Kigoma hakikupata hata jimbo moja.

Naona watu wengi walilitazama jambo hili kama ajabu ya uchaguzi mmoja, nami sikubaliani nao. Zamani za ukoloni serikali iliiacha Buha iwe ghala la nguvukazi: vijana wake waliandikwa manamba, wakapelekwa mashamba ya mkonge ya Tanga na kwingineko, na waliorudi walirudi na nguo, mablanketi na simulizi, ilhali nchi waliyoiacha haikupata barabara wala kiwanda. Watu waliozoea kuwapeleka vijana wao mbali kwenda kutafuta riziki ya nyumbani hawaoni mshangao kumtuma kijana Dodoma. Na kielelezo walikuwa nacho karibu. Katika mwaka 2005 Zitto Kabwe, akiwa na miaka 29, alikuwa ameshinda Kigoma Kaskazini kwa tiketi ya CHADEMA, na katika Agosti ya mwaka 2007 Bunge lilimsimamisha kwa sababu ya hoja yake juu ya mkataba wa mgodi wa Buzwagi. Adhabu ile iliyokusudiwa kumnyamazisha ilimtangaza kuliko hotuba mia, na kabla ya mwaka kwisha Rais Kikwete alimwingiza katika kamati ya Jaji Mark Bomani ya kuchunguza sekta ya madini. Kijana wa Kasulu au wa Kibondo aliyekuwa akisikiliza redio siku zile alijifunza kwamba sauti ya mtu wa kwao yaweza kusikiwa.

Sheria nayo inamruhusu kijana kugombea mapema. Katiba ya Jamhuri ya Muungano yamtaka mgombea ubunge awe ametimiza miaka 21, ajue kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza, na tena, hili ndilo sharti lenye uzito, awe mwanachama aliyependekezwa na chama cha siasa. Jirani zetu wa Kenya wana mlango mwingine: mwaka 2017 John Paul Mwirigi, mwanafunzi wa chuo kikuu mwenye miaka 23, aligombea Igembe Kusini bila chama, akaomba kura kwa miguu nyumba hata nyumba, na akashinda. Kwetu mlango huo umefungwa, ingawa Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, katika shauri la Mchungaji Christopher Mtikila, iliamua mwezi wa Juni 2013 kwamba kuufunga ni kuvunja haki. Na aliyeingia kwa mlango wa chama aweza kutolewa kwa mlango huo huo, maana mbunge akikosa uanachama hukosa na kiti. Kafulila aliyaonja hayo Desemba 2011, NCCR-Mageuzi ilipomvua uanachama. Akakimbilia mahakamani, akabaki bungeni kwa hifadhi ya amri ya mahakama mpaka alipopatana na wenzake. Fikiri hali ya kijana wa namna hiyo: wapiga kura elfu nyingi wamempa kiti kwa miaka mitano, na kikao cha watu wachache chaweza kukichukua katika usiku mmoja. Mimi nahesabu kuwa hiyo ni dhuluma, kwa kijana na kwa jimbo lake pamoja.

Tuje sasa kwenye kazi yenyewe, kwa kuwa hapa ndipo wananchi na mbunge wao huachana bila kujua. Mwananchi wa kijiji cha Kibondo humchagua mtu ampatie barabara, maji, dawa zahanati na mwalimu shuleni. Lakini mbunge hajengi barabara. Hana fundi wala hazina. Alicho nacho ni ulimi, kanuni na kura moja. Huuliza swali, akajibiwa na waziri au naibu wake. Huuliza swali la nyongeza. Huchangia kwa dakika alizopimiwa. Na bajeti za wizara zinapopitishwa kati ya Aprili na Juni aweza kushika shilingi, yaani kuondoa shilingi moja katika mshahara wa waziri, si kwa kumpunguzia chakula bali kwa kumlazimisha asimame na kueleza. Akiwa nyumbani yeye ni mjumbe wa baraza la madiwani la halmashauri yake, na ndiye mwenyekiti wa kamati ya Mfuko wa Maendeleo ya Jimbo, uliowekwa kwa sheria ya mwaka 2009, ambao hutosha mabati ya darasa hapa na saruji ya kisima pale. Zaidi ya hayo yapo yasiyoandikwa katika sheria yoyote: rambirambi za msiba, karo ya yatima, nauli ya mgonjwa anayepelekwa hospitali ya mbali, na mchango wa harusi ya mtu asiyemfahamu. Mzee mwenye mali huyatimiza haya kutoka mfukoni. Kijana aliyetoka shuleni juzi hana mfuko huo, na kila mkono anaourudisha mtupu ni kura inayokwenda.

Mbunge wa nyanda hizi ana pia mzigo usiomhusu mwenziwe wa Dodoma au wa Lindi. Mpaka wa Burundi uko karibu mno. Tangu Rais Melchior Ndadaye alipouawa Oktoba 1993 wilaya za Kibondo na Kasulu zimepokea wakimbizi wimbi baada ya wimbi, na Nyarugusu, huko Kasulu, imewahifadhi watu wa Kongo tangu mwaka 1996. Kambi ya Mtabila ilifungwa mwishoni mwa mwaka 2012, katika muhula wa vijana hawa, na kabla muhula haujakwisha, kuanzia Aprili 2015, Warundi wakaanza kuvuka tena kwa maelfu, hata Nduta ya Kibondo ikafunguliwa upya. Mwakilishi wa jimbo kama hilo hana budi kuwasemea wenyeji wanaolalamikia kuni na mashamba yao, bila kuisahau insafu anayostahili mtu aliyekimbia na roho yake tu. Na kupata maneno ya kuwatosha wote wawili si kazi nyepesi hata kwa mtu mzima.

Bungeni miaka ile haikuwa mikavu. Wabunge wote walikuwa pia wajumbe wa Bunge Maalumu la Katiba la mwaka 2014, na NCCR-Mageuzi ilikuwa miongoni mwa vyama vya UKAWA, umoja wa wapinzani, vilivyotoka ukumbini Aprili 16. Mwaka huo huo Kafulila aliifichua hadharani kashfa ya fedha zilizochotwa katika akaunti ya Tegeta Escrow, zaidi ya shilingi bilioni 300, akatukanwa ndani ya ukumbi, akaendelea. Na ilipofika Januari 2015 Mwanasheria Mkuu na mawaziri wawili walikuwa wamekwisha kuondoka katika nyadhifa zao kwa ajili ya kashfa hiyo.

Kisha ukaja uchaguzi wa Oktoba 25, 2015, na viti vyote vinne vikarudi CCM. Machali, aliyekuwa amehamia ACT-Wazalendo, aliingia CCM mwaka 2016 na baadaye akawa mkuu wa wilaya. Kafulila naye alifuata njia hiyo akafika kuwa mkuu wa mkoa. Muhambwe ilimchukua Atashasta Nditiye, ambaye aliteuliwa kuwa naibu waziri katika wizara ya ujenzi, uchukuzi na mawasiliano. Katika mwaka 2018 Benki ya Maendeleo ya Afrika iliidhinisha fedha za barabara ya lami ya kutoka Kabingo kupita Kibondo na Kasulu mpaka Manyovu, kilomita 260, barabara iliyodaiwa na wabunge wa Kigoma wa vyama vyote kwa miaka mingi. Nditiye alifariki Februari 2021 kwa ajali ya gari huko Dodoma, na Mei 16 ya mwaka huo wananchi wa Muhambwe walipanga foleni tena, wakamchagua Dakta Florence Samizi.